Mjusi wa Ulimi wa Buluu: Kabla ya Kumnunua, Mjengee Jua

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba hapa kwangu magharibi mwa Sydney naishi na mjusi wa ulimi wa buluu ninayemwita Zumaridi. Barua zilizofuata zimejaa meza. Wengine wanataka kufuga, wengine wanaye tayari na wamekwama, na mmoja anataka kujua tu kama ulimi ule una sumu. Nimechagua tano.

Kwa asiyenijua: mimi ni muuguzi katika kliniki ya wanyama. Daktari siyo mimi, ila mimi ndiye ninayewashika mezani wakati daktari anawapima, na nyumbani nimewafuga wawili. Wa kwanza alikufa kwa kosa langu. Nitalieleza kosa hilo, kwa sababu barua tatu kati ya hizi tano naona zinalielekea lile lile.

Barua ya kwanza, Blacktown

*Dada, salamu nyingi. Mwanangu wa miaka 11 ameona mjusi wa ulimi wa buluu kwa rafiki yake na sasa hatulali. Nina watoto watatu, mdogo atatimiza miaka mitano mwezi wa kumi na mbili. Nimeona tangazo la mjusi pamoja na sanduku lake la kioo kwa bei nafuu. Pia mama mkwe wangu anakuja kutoka Mombasa na amesema nyumba yenye mjusi haingii. Nifanye nini?*

Dada, tuanze na huyo mdogo, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua tarehe. Mijusi wengi hubeba salmonela matumboni bila wenyewe kuumwa, na bakteria hao hutoka na kinyesi wakaenea kwenye ngozi, kwenye bakuli la maji na kwenye mikono ya anayemshika. Mtu mzima akiwapata huharisha siku chache akapona. Mtoto mchanga au mdogo anaweza kuugua vibaya. Wataalamu wa afya Marekani wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge mjusi, nyoka wala kobe. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, lakini si sasa. Subiri mdogo atimize miaka yake, na hata hapo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na vyombo vya mjusi visioshwe kamwe kwenye sinki la jikoni. Mtafutie beseni lake mwenyewe.

Miezi hiyo ya kungoja haitapotea bure. Itumie kuandaa nyumba yake.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, dada. Mjusi hatengenezi joto mwilini kama wewe na mimi. Akila chakula akiwa na baridi, chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Akiwa na baridi, kinga yake inalala. Akiwa na joto bila miale ya jua inayofaa, mifupa yake inalainika. Porini anajipangia mwenyewe: asubuhi anatoka, anajibandika kwenye jiwe au lami, anatandaza mbavu mpaka anakuwa bapa kama chapati ili apokee jua lote, akishiba joto anaingia kivulini. Ukimweka ndani ya sanduku, umemnyang'anya mpango wote huo, na ni juu yako kumrudishia.

Sanduku liwe na urefu wa angalau sentimita 120 na upana wa 60. Kimo si hoja sana, maana miguu yake mifupi si ya kupanda. Upande mmoja weka taa ya joto juu ya jiwe pana, na pale juu ya jiwe pafike nyuzi 35 hadi 38. Upande wa pili pabaki kwenye 25 hivi, na maficho yawepo pande zote mbili ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Usiku taa zizimwe, lakini pasishuke chini ya 18. Taa ya joto iunganishwe na themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha umeme kulingana na joto, kwa maana taa isiyo na mdhibiti hupika. Kisha taa ya pili, ya UVB, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D na kuitumia chokaa ya kwenye chakula, yaani kalsiamu.

Sasa kosa langu. Mwaka 2014, kabla sijaingia kazi ya wanyama, nilikuwa natunza wazee. Nilinunua mjusi mchanga pamoja na sanduku la kioo, kama hilo ulilolitamani. Aliyeniuzia aliniambia taa zote zimo na nisiongeze kitu. Taa ya UVB ilikuwa imewekwa juu ya kifuniko cha kioo. Ilikuwa inawaka vizuri, mwanga mweupe kabisa, na mimi niliridhika. Sikujua kwamba kioo cha kawaida huizuia miale ile karibu yote. Sikujua pia kwamba taa ya UVB hudhoofika ndani ya miezi 6 hadi 12 huku macho yetu yakiona inawaka vilevile, na ile yangu ilikuwa ya zamani. Baada ya miezi saba mjusi wangu akaanza kuburuta tumbo. Miguu ya nyuma ilitetemeka akitembea. Nilipompeleka, daktari alichukua kidole changu akakiweka taratibu chini ya taya lake, na taya lile likabonyea, laini kama ufizi. Mfupa ulikuwa umeliwa na mwili wenyewe ukitafuta chokaa. Hakumaliza mwezi. Hakuwahi kulia, hakuwahi kukataa mkono wangu. Niliacha kazi ya wazee mwaka uliofuata nikaenda kusomea uuguzi wa wanyama.

Kwa hiyo usinunue mjusi na sanduku siku moja. Nunua sanduku kwanza, washa taa, na mpe mwanao kazi: kwa wiki mbili apime joto la juu ya jiwe, la upande wa baridi na la usiku, aandike kwenye daftari asubuhi na jioni. Kipimajoto kile cha kulenga kama bastola kinatosha na si ghali. Akiandika wiki mbili bila kukosa siku, utajua mambo mawili: kwamba sanduku limekaa sawa, na kwamba mtoto anataka kweli. Kumbuka mjusi huyu akitunzwa anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Mwanao atakuwa mtu mzima mwenye kazi yake, na mjusi bado anadai jua.

Leseni. Hapa New South Wales mjusi huyu ni mnyama wa asili na analindwa, kwa hiyo unahitaji leseni kabla ya kumleta nyumbani, na iwe kwa jina lako wewe mzazi. Majimbo mengine yana taratibu zao, usichukulie kwamba yanafanana. Kumwokota msituni au bustanini ukamfuga ni kosa la sheria. Nunua kwa mfugaji mwenye leseni yake, naye akuonyeshe.

Siku ya kumchagua, nenda mchana, wakati mijusi wameshaota joto. Usimwangalie rangi kwanza. Muangalie akitembea: tumbo limeinuka au linaburuta? Macho yawe makavu na wazi, pua isiwe na ute, mdomo ufunge sawasawa. Hesabu vidole, vitano kila mguu. Shika shina la mkia: liwe nene, kwa kuwa hapo ndipo anapoweka akiba ya mafuta. Angalia ndani ya masikio na chini ya kwapa, kupe hupenda kujificha humo. Mwombe mfugaji amlishe mbele yako, kisha muulize sanduku lake lina nyuzi ngapi juu ya jiwe. Asiyejua kukujibu hilo, muage kwa heri. Kwa mtoto wako ningechukua aliyefikisha miezi sita au mwaka, anayekula bila kubembelezwa. Dume au jike usisumbuke, hata wazoefu hubabaika kuwatambua. Na mmoja anatosha. Wawili sanduku moja watapigana, na hawa wakiumana huvunjana.

Chakula ni rahisi kuliko unavyodhani, maana anakula karibu kila kitu. Nusu ya sahani iwe mboga: boga lililokunwa, maharage mabichi, sukuma wiki iliyokatwa ndogo. Nusu nyingine karibu yote ni nyama na wadudu: yai la kuchemsha, mende wa kufugwa, konokono, au chakula cha mbwa cha kopo kilicho kizuri. Matunda kidogo tu. Nyunyiza unga wa kalsiamu. Mkubwa anakula mara mbili au tatu kwa wiki, mchanga karibu kila siku. Parachichi, kitunguu na kitunguu saumu, hapana. Mchicha na spinachi si chakula cha kila siku, zinaibana chokaa. Konokono wa bustanini usimpe hata mmoja kama wewe au jirani mnatumia dawa ya konokono, maana ile sumu inahamia kwa mlaji. Kliniki tumewapokea kwa sababu hiyo, wanatetemeka mwili mzima, na si wote tunaowaokoa.

Nimebakisha mama mkwe. Usimbishie, dada. Sote wa pwani tumekulia na kisa cha mjusi aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na bibi yangu Tanga alikuwa na fimbo maalumu ya mjusi kafiri. Hukumu ya dini muulizeni sheikh mnayemwamini. Mimi naweza kumweleza mnyama tu: huyu si yule wa ukutani. Hana vidole vya kunata, hapandi ukuta, hatembei darini, hawezi kumwangukia mtu usingizini. Anafanana zaidi na guruguru, mnene, magamba laini, anaenda chini kwa chini. Mhakikishie sanduku lina kufuli na liko chumba cha kijana. Naye akija, mketishe sebuleni, mpe chai, mambo mengine yaje yenyewe.

Barua ya pili, Muscat

*Shikamoo mama. Nimenunua mjusi wa ulimi wa buluu kupitia mtandaoni, muuzaji akasema ni wa Australia. Ana miguu myeusi tii. Wiki hii anatoa mapovu puani na anahema mdomo wazi. Hapa joto la nje ni kali, kwa hiyo sikumwekea taa. Je, ni mafua tu?*

Marahaba kaka. Ukimaliza sentensi hii, tafuta daktari wa wanyama leo, si Alhamisi. Mapovu puani na kuhema mdomo wazi ni dalili za mapafu, na mapafu ya mjusi hayangoji. Hawezi kukohoa akatoa makohozi kama sisi. Anahitaji dawa ambayo daktari tu ataipima kulingana na uzito. Usimpe dawa ya kuku ya kopo wala ya binadamu.

Wakati unajiandaa kwenda, mweke mahali pa nyuzi 30 hivi.

Nadhani ninajua kilichotokea. Nje kwenu ni tanuri, lakini yeye haishi nje. Anaishi sebuleni, na sebule za Muscat kiyoyozi hakizimwi kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Umemweka kwenye nyuzi 22, usiku na mchana, na hewa iliyokaushwa. Kwa mtu ni raha, kwa mjusi ni baridi isiyoisha.

Hiyo miguu myeusi nayo inasema jambo. Wa Australia ya kaskazini ana miguu ya mbele iliyopauka, na yule wa mashariki, kama Zumaridi wangu, ana mstari mpana wa giza nyuma ya jicho. Miguu myeusi mara nyingi ni ya wa Indonesia, aitwaye kitaalamu Tiliqua gigas, wa visiwa vyenye mvua kama Halmahera. Australia hairuhusu wanyama wake wa asili kuuzwa nje wakiwa hai kwa biashara ya kufugwa, kwa hiyo walioko nje ama wamezaliwa mikononi mwa wafugaji huko huko, ama wametoroshwa. Wa Indonesia wanauzwa nje, na baadhi wanakamatwa msituni kabisa. Muuzaji aliyekwambia Australia, au hakujua au hakutaka ujue.

Na tofauti hiyo ina uzito. Wangu anakaa vizuri kwenye hewa kavu kiasi, unyevu wa asilimia 30 au 40. Wako anataka 60 hadi 80. Kwa hiyo akipona mpe taa ya joto na ya UVB kama nilivyomweleza dada wa Blacktown, na juu ya hapo mtandikie majani au magome yanayoshika maji, tabaka la kina cha kutosha ajifukie, ulowanishe chini huku juu pakibaki pakavu. Unyevu bila joto usijaribu, hapo ndipo mapafu yanapougua. Pia peleka kinyesi chake kipimwe. Waliotoka msituni huja na minyoo, na mjusi mwenye baridi hawezi kupambana nayo.

Naomba uniandikie akitoka kwa daktari.

Barua ya tatu, Melbourne

*Mjusi wangu ana miaka mitatu. Tangu mwisho wa Mei hali chakula. Namwekea chakula kila siku, anakilamba anageuka. Amejificha muda wote. Pia vidole viwili vina kitu kama pete nyeupe. Anakufa?*

Sidhani. Uliniandikia mwezi wa sita, na Melbourne mwezi wa sita hata watu wanajificha. Mjusi wa kusini akiona siku zimefupika hupunguza mwendo, na mwenye afya anaweza kupitisha wiki nyingi bila kula. Ni usingizi wa baridi.

Lakini usihesabu usingizi bila mizani. Nunua ile ya jikoni ya kidijitali, mpime leo, andika, mpime kila wiki. Zumaridi huanza majira ya baridi akiwa na gramu 480 na mwaka jana alimaliza na 462. Hiyo ni sawa. Akishuka zaidi ya asilimia 10, au macho yakididimia, au shina la mkia likionekana mifupa, hapo halali, anaumwa.

Na acha kumwekea chakula kila siku. Chagua: ama umwashie joto kamili mchana, 35 juu ya jiwe, na umpe chakula, ama umpunguzie joto taratibu na umnyime chakula kabisa, maji tu yawepo. Kinachoua ni katikati: amekula kidogo, kisha sanduku likapoa, na chakula kikaoza tumboni. Kama ni mwaka wako wa kwanza naye wa baridi, au kama hajapimwa na daktari, ningemwashia joto. Ni salama zaidi.

Hizo pete ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko njaa. Mjusi akijivua gamba, ngozi ya mwili hutoka kwa vipande, ila vidoleni hubaki kama mfuko mdogo. Ukikauka unajibana. Gamba linalofuata nalo linabaki juu yake, pete juu ya pete, mpaka damu haipiti na kidole kinakauka na kudondoka.

Zumaridi amekosa kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto wa nyuma, alikuja hivyo kwangu. Kwa hiyo kila akijivua namkagua vidole vyote, usiku, kwa tochi. Mara ya mwisho nilikuta pete moja. Nilimweka kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, yasiyopita viwiko vyake, kwa dakika 20, kitambaa kimelala chini ili asiteleze. Alikaa ametulia, amefumba jicho moja. Kisha nikamfunga kwenye taulo, mguu ule tu nje, nikachukua kijiti cha pamba kilicholowa nikaanza kuviringisha kuanzia shina la kidole kuelekea ukucha. Mara ya kwanza haikusogea. Mara ya tatu ikalegea, ikateleza yote, kijimfuko cheupe chenye alama ya kila gamba, na ndani yake ukucha umechapwa kama muhuri. Chini yake kidole kilikuwa cha waridi. Nilikaa na kijimfuko kile kiganjani muda mrefu.

Fanya hivyo hivyo. Usivute pakavu. Kidole kikiwa kimevimba au kimekuwa cheusi, mwachie daktari.

Barua ya nne, Perth

*Jambo sana mama. Sisi ni wa Bukavu, tuko hapa mwaka wa sita. Kuna mjusi mnene, mkia mfupi kama kichwa cha pili, ameingia kwenye uwanja wetu. Ana kamasi na macho yanatoka machozi, anatembea polepole. Watoto wanataka tumfuge tumponye. Karibu na barabara tuliona mwingine.*

Baba, watoto wako wana roho nzuri na uwaambie nimesema hivyo. Lakini huyo msimfuge. Huyo ni yule wanaoita bobtail hapo Perth, ndugu wa ulimi wa buluu mwenye magamba kama tunda la msonobari. Kamasi, machozi na uchovu ni ugonjwa unaojulikana sana huko kwenu, wenyeji wanauita mafua ya bobtail, na mwaka 2016 watafiti walieleza kirusi kinachohusishwa nao. Unaambukiza mijusi wengine. Mvalie glovu, mtie kwenye boksi la karatasi lenye taulo na matundu ya hewa, liwe mahali pa vuguvugu na giza, kisha pigia simu waokoaji wa wanyamapori wa eneo lenu au kliniki yoyote ya wanyama, wataelekeza. Msimpe chakula kwa sasa.

Andikeni mahali hasa mlipomkuta. Mti gani, upande gani wa uzio. Akipona atarudishwa hapo hapo, na nikueleze kwa nini.

Kule Australia Kusini, karibu na Mount Mary, profesa Michael Bull wa Chuo Kikuu cha Flinders aliwafuatilia mijusi wa aina hii tangu 1982. Aliwatambua mmoja mmoja, akagundua kwamba dume na jike huachana baada ya msimu, kila mmoja anaishi kivyake sehemu kubwa ya mwaka, na majira ya machipuko yakirudi wanatafutana wale wale wawili. Wengine walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Dume humfuata jike nyuma kwa wiki kadhaa, na mmoja akigongwa na gari, mwenzake ameonekana akibaki pale kando ya mwili. Jike hazai wengi. Hatagi mayai, anazaa watoto hai, mara nyingi wawili tu, wakubwa ajabu kwa mwili wake.

Kwa hiyo huyo wa pili mliyemwona karibu na barabara, simjui, lakini ningewaomba watoto wamwangalie. Wasimshike. Wawakumbushe majirani wanaokata majani kwa mashine watazame kwanza, na mbwa afungwe asubuhi jua linapotoka, maana huo ndio wakati wanaotoka kuota.

Barua ya tano, Tanga

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Je, ulimi wa buluu una sumu? Na je, wapo Tanzania? Nataka kufuga.*

Marahaba mwanangu wa nyumbani. Hauna sumu. Meno yake ni butu, ya kuvunja konokono, akikuuma atakubana na utaumia lakini hatakuua. Ulimi ni wa kumtishia adui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie hapa Sydney waliandika mwaka 2018 kwamba sehemu ya nyuma ya ulimi hurudisha miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, kwa nguvu kuliko ya mbele, na ndege wanaiona miale hiyo. Mjusi anangoja mpaka adui amefika karibu kabisa, kisha anafungua mdomo na kuutoa wote kwa mpigo. Hebu fikiria wewe ndiye mwewe.

Tanzania hawapo, wala popote Afrika. Ni wa Australia, Guinea Mpya na visiwa vya Indonesia. Na katika hao kuna mmoja mdogo asiye na ulimi wa buluu, ni wa waridi. Anaishi kwenye mashimo ya buibui kaskazini mwa Adelaide. Watu waliamini ametoweka duniani, hakuna aliyemwona kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka mwaka 1992 karibu na mji wa Burra alipopatikana mmoja tumboni mwa nyoka aliyegongwa barabarani. Waliposaka mashambani pale wakawakuta hai. Walikuwepo siku zote, hakuna aliyekuwa akiangalia mashimoni.

Sitakushauri uagize mjusi kutoka mbali. Gharama ya taa peke yake ni ada yako ya shule, na umeme ukikatika yeye ndiye anayelipa. Lakini Tanga unaye guruguru, na jua la bure. Tafuta shimo lake kando ya shamba au penye mawe, kaa mbali kama hatua kumi, asubuhi kabla hakujapamba moto, usisogee. Chukua daftari. Niandikie anatoka saa ngapi, anaota upande gani wa jiwe, na anakaa dakika ngapi kabla ya kwenda kutafuta chakula.